Sahihi ya Mwenyekiti: Kutoka Azimio la Musoma hadi Fomu ya Mkopo

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi wa Julai, baba yangu mdogo hupata wageni wengi. Ni mstaafu wa shirika la umma na sasa ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa katika mji mdogo wa Kanda ya Ziwa. Barazani kwake ana meza moja, mhuri na pedi ya wino. Vijana humjia na fomu za kuomba mkopo wa elimu ya juu walizochapisha kwenye steshenari ya stendi, kwa sababu upo ukurasa unaohitaji sahihi yake: athibitishe kwamba anamfahamu mwombaji na kwamba maelezo yaliyotolewa ni ya kweli. Akishasaini, mwombaji huenda kwa wakili au hakimu kula kiapo, kisha hurudi steshenari kulipia tena ili fomu ipigwe picha na kupandishwa kwenye mfumo.

Mwaka jana nilikaa naye siku mbili katika msimu huo. Jioni ya siku ya pili aliingia ndani akatoka na faili la zamani. Humo mlikuwa na nakala ya kaboni ya mwaka 1981, barua ya tawi la chama ikimpendekeza yeye, kijana wa wakati ule, aingie Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Barua ilisema ni mchapakazi, hana majivuno, hushiriki kazi za kujitolea na anaielewa siasa ya nchi. Haikuwa na neno lolote kuhusu hali ya baba yake, wala idadi ya ng'ombe, wala bati la nyumba yao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziwaza karatasi hizo mbili pamoja. Zote ni za kijana anayebisha hodi chuoni, na zote zinamtaka kiongozi wa mtaa aweke sahihi. Ile ya 1981 ilithibitisha tabia, na hii ya leo inathibitisha umaskini. Ningependa kueleza jinsi tulivyotoka kwenye ile tukafika kwenye hii, kwa kuwa wanafunzi wangu wengi huamini kwamba utaratibu wanaoukuta umekuwapo siku zote.

Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la TANU katika Mtaa wa Lumumba. Kilianza na wanafunzi 14, wote wa sheria. Kuhamia Mlimani kulikuja baadaye. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, na kila aliyefaulu kidato cha sita alikuwa kama mali ya taifa: alisomeshwa, akalishwa, akapewa chumba na kazi ikamngoja. Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano alioupenda katika miaka ile. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyekabidhiwa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Mtu huyo akila na asirudi, jina lake ni msaliti.

Oktoba 1966 mfano huo uligongana na watu wenyewe. Serikali ilitaka wahitimu walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Nyerere aliwasikiliza, akakubali kwamba mishahara ya wakubwa nayo ilikuwa mikubwa mno, akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20, halafu akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300. Wengi waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata. Katikati ya kuondoka kwao na kurudi kwao yalitoka Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata Elimu ya Kujitegemea. Sidai kwamba maandamano yale ndiyo yaliyoyazaa yote mawili. Nasema tu kwamba swali la nani anastahili kusomeshwa, na kwa masharti gani, halikurudi tena kuwa la ofisi ya msajili peke yake.

Jibu lilikuja Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma. Azimio la Musoma hukumbukwa zaidi kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote hadi 1977. Sehemu yake ya pili imesahaulika, nayo ndiyo iliyomgusa baba mdogo. Tangu wakati huo kijana hakutoka tena kidato cha sita akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Ilimpasa kwenda jeshini, kisha kufanya kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama.

Baba mdogo alimaliza kidato cha sita mwaka 1975. Alikwenda JKT, kisha akaajiriwa karani katika shirika moja. Alitimiza masharti mwaka 1979. Bosi wake alikataa kuandika barua. Mara ya kwanza alisema ofisi haiwezi kumwachia, na mara ya pili hakutoa sababu yoyote. Tawi la chama halikuwa na neno naye, ila fomu isiyo na sahihi ya mwajiri haikwenda popote. Bosi alipohamishwa mwaka 1981, aliyemrithi alisaini siku ileile. Miaka sita ilikuwa imepita tangu atoke shule.

Watetezi wa Azimio hilo huniambia kisa kama hiki ni cha mtu mmoja. Sivyo. Udahili ulishuka, hasa katika sayansi na uhandisi, kwani hesabu ni kama lugha: ukikaa miaka mitatu bila kuisema, hukutoka. Walioumia zaidi ni wanawake. Msichana aliyeambiwa asubiri miaka mitatu alikuwa akiambiwa, bila kutamkiwa, aolewe na kuzaa kwanza. Idadi yao ilipungua kiasi kwamba haikupita miaka mingi wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1980, baada ya ripoti ya Tume ya Makweta ya mwaka 1982, mlango wa moja kwa moja ulifunguliwa tena kwa wote.

Hata hivyo siwezi kuliita Azimio lile upuuzi, na sababu yangu ni namna watu wale walivyosoma. Baba mdogo alifika Mlimani akiwa na umri unaokaribia miaka thelathini, ana mke na mtoto nyumbani, na mshahara alioujua ladha yake. Ananiambia kwamba darasani walibishana na wahadhiri bila woga. Mhadhiri akieleza upangaji wa uchumi, kulikuwa na mtu nyuma aliyefanya kazi kwenye bohari ya pembejeo na aliyejua kwa nini mbolea ilifika baada ya mvua. Walisoma usiku kwa makundi. Aliyesahau hesabu alifundishwa na mwenzake, naye akamlipa kwa kumsahihishia Kiingereza. Kitabu kilipimwa kwa swali moja: hiki kingetusaidia nini pale kazini? Ni kipimo kifinyu, nakubali. Lakini ni kipimo, na mimi kama mwalimu ningefurahi kukutana na mwanafunzi aliyenacho.

Wala mchujo wa chama haukuwafanya kuwa watu wa kuitikia ndiyo. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge, na mamia wakafukuzwa. Tawi lilikuwa limeandika kwamba ni watiifu, na kwa namna yao walikuwa watiifu, kwa sababu walikuwa wakiwakumbusha viongozi Azimio la Arusha.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili, na sitauficha. Kizazi kilichosoma kwa bidii kubwa kuliko vyote Mlimani, kwa maoni yangu, kiliingia moja kwa moja kutoka shule. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa USARF, umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi ambao Yoweri Museveni aliwahi kuuongoza, waliamka Jumapili asubuhi kwenda kwenye darasa la itikadi lisilo na maksi wala cheti. Walichapa jarida lao, Cheche, wakishirikiana na wahadhiri kama Walter Rodney, aliyekuja kuchapisha hapa Dar es Salaam mwaka 1972 kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Cheche ilipigwa marufuku Novemba 1970 pamoja na umoja wenyewe. Vijana wale hawakuwa na barua ya mwajiri. Walikuwa na jambo walilolitafuta, na nchi iliyozungumza nao kana kwamba jibu lao lina maana.

Mimi nilianza shahada ya kwanza mwaka 2001, kwa fomu ya karatasi niliyoijaza kwa kalamu na kuituma kwa posta. Wakati huo sera ya uchangiaji gharama ilikuwa na takriban miaka kumi. Serikali ilikuwa imeacha kubeba kila kitu, na sisi tulijifunza kubebana: watu wawili kitanda kimoja, mmoja ana chumba na mwingine hana. Usomaji wetu ulifuata hali hiyo. Vitabu vilikuwa vichache na foleni maktaba ndefu, basi tukasoma madesa, yaani nakala za notisi zilizotolewa fotokopi hadi herufi zikafifia. Tulipiga msuli wiki mbili kabla ya mtihani kwa hofu ya sapu, na zaidi kwa hofu ya kudisko. Nawalaumu wanafunzi wangu kwa kusoma desa la PDF kwenye simu, halafu nakumbuka ya kwangu yalivyonuka wino.

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mwaka 2010 ukaja mfumo mmoja wa udahili chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, na tangu 2017 waombaji wamerudi kuomba chuo kimoja kimoja. Sina haja ya kuyaeleza haya kwa kirefu, wasomaji wengi mmeyapitia. Vyuo vimeongezeka, na wanaosoma ni wengi kuliko baba mdogo alivyoweza kuota. Mkopo umewaingiza chuoni watoto wa wakulima ambao bila huo wangebaki nyumbani. Anayeubeza hajui anachokibeza.

Kilichobadilika ni maana ya deni. Katika mfano wa Nyerere deni lilikuwa la kijiji, na lililipwa kwa kurudi. Sasa deni ni la Bodi, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mhitimu mmoja, mtumishi wa halmashauri, aliniambia kwa furaha kwamba amemaliza makato. "Sasa mimi na nchi hatudaiani, Dokta." Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa amesoma mkataba wake sawasawa.

Na kilichobadilika pia ni kile tunachomtaka kijana athibitishe siku ya kwanza. Fomu inamuuliza kama wazazi wako hai, wanafanya kazi gani, nani alimlipia ada ya sekondari. Ni maswali ya haki, fedha ni chache na lazima zigawiwe kwa kipimo. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa hutumia mwezi mzima kujifunza kujieleza kama mhitaji, na hakuna mahali popote, si kwenye fomu ya mkopo wala ya chuo, anapoulizwa anataka kusoma ili afanye nini. Anapofika kwangu Novemba nikamuuliza swali hilo, hunitazama kana kwamba nimemtega.

Siku ile ya pili barazani alikuja msichana aliyepata daraja la kwanza. Fomu yake ilionyesha kwamba baba yuko hai. Baba mdogo aliisoma, akavua miwani.

"Baba yako nilimwona mara ya mwisho lini, mwanangu?"

"Nikiwa darasa la tatu, babu."

"Yupo hai, ila hayupo," baba mdogo akaniambia mimi.

Hakukuwa na kisanduku cha baba wa namna hiyo. Alisaini na kugonga mhuri. Kisha alichana karatasi kwenye daftari, akaandika barua kwa mkono. Alieleza kwamba mama anauza dagaa sokoni, kwamba ada ililipwa na mjomba aliyekwisha kufariki, na akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyeiomba: kwamba binti huyu huwafundisha hesabu watoto wa jirani kila jioni bila malipo, na anataka kuwa mhandisi wa maji kwa sababu kisima cha mtaa hukauka kila Septemba. Nilimwambia barua hiyo huenda isipate pa kupandishwa. Akasema anajua.

Msichana aliikunja akaondoka nayo kwenda kwa hakimu. Nilipoaga kesho yake alikuwa bado hajarudi kutuambia kama imepokelewa. Nakala yake baba mdogo ameiweka kwenye lile faili, nyuma ya karatasi ya kaboni ya 1981.