Mto, Bembea na Gharika

Mto Lwakhakha, mpaka wa Kenya na Uganda, hauwaiti watoto. Jua likichoma huuendea wenyewe. Ndivyo ilivyoanza bustani ya michezo ya ukoo wa Knoebel huko Pennsylvania, Marekani. Watu walikuja kwa magari ya farasi kuoga katika kijito cha shamba lao, naye Henry Knoebel akatoza senti 25 kwa kumnywesha, kumlisha na kumsugua farasi. (Ujanja mdogo, lakini wa haki.) Tarehe 4 Julai 1926 likafunguliwa birika la kuogelea, na kando yake farasi wa mti wa kuzunguka.

Maji yaliyoleta riziki yalikuja pia kuidai. Juni 1972, tufani ya Agnes ilifurisha vijito viwili vinavyokutana pale, bembea zikazama. Ukoo ukazoa matope, ukafungua tena. 1975 gharika ikarudi. Hata hivyo, mwaka 1985 walihamisha kutoka San Antonio, Texas, reli ya mchezo iliyojengwa kwa mbao mwaka 1947, kisha ikaachwa. Waliibomoa wakitia kila kipande namba, wakaisimamisha kwao, wakaiita Phoenix, ndege wa hadithi afufukaye majivuni. Mnyororo huvivuta vigari mpaka kileleni; toka hapo huporomoka kwa uzito wao tu.