Duka la Magazeti na Bano, Ngoingwa
Wasee, kabla tupate simu, intaneti yetu huku Ngoingwa ilikuwa kibanda cha mabati. Magazeti yananing'inia kwa vibanio vya nguo, bano zimejaa kwenye chupa ya plastiki. Taifa Leo, gazeti la kila siku tangu 1960, tulilifungua tukitafuta Juha Kalulu kwanza. Mwaka wa 2010 ikaja Shujaaz, katuni za Sheng ndani ya Saturday Nation. Mzee alituacha tusome pale pale, bora mikono iwe safi. Kununua? Hakuna. Leo pale ni duka la simu, na mimi ndio nalia eti historia imepotea. Semeni ukweli: nani kati yetu alimwachia hata shilingi 5?