Njia ya Kiroboto wa Maji

Mwaka 1978 nilikuwa nikifundisha darasa la saba, miaka michache tu baada ya kutoka chuo cha ualimu. Siku moja niliwapa wanafunzi ramani ya kisiwa cha Pemba, nikawaagiza wapime urefu wa pwani yake kwa bikari. Karibu wote walileta majibu yanayokaribiana. Kijana mmoja alileta jibu kubwa kupita yote. Nilipomwuliza sababu, akasema, "Mwalimu, mimi nimeibana bikari, nikaingia kila kihori." Nilimwandikia sifuri, tena nikamcheka mbele ya wenzake. Tangu siku ile hakunyosha mkono tena katika somo langu.

Mwenye kosa nilikuwa mimi, na ushahidi ulikwisha kuwapo. Mwingereza mmoja, Lewis Fry Richardson, aliyehudumu katika magari ya wagonjwa huko Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa kuwa hakukubali kushika silaha, baadaye alitumia miaka mingi kutafuta vyanzo vya vita. Alitaka kujua kama urefu wa mpaka kati ya nchi mbili una uhusiano na kupigana kwao. Akakuta takwimu hazipatani: mpaka wa Hispania na Ureno ulitajwa mahali pamoja kuwa kilomita 987, na mahali pengine 1,214. Si lazima mmoja awe mwongo. Apimaye kwa hatua fupi hufuata kona nyingi zaidi, na urefu huongezeka.

Richardson alifariki mwaka 1953, na kazi yake hiyo ikachapishwa mwaka 1961. Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot, mwanahisabati aliyezaliwa Warsaw, aliiendeleza katika makala fupi iliyouliza pwani ya Uingereza ina urefu gani. Badala ya urefu, alipima jinsi mstari unavyopindapinda. Mstari ulionyooka hupewa 1. Uchoraji unaojaza karatasi nzima hukaribia 2. Pwani ya magharibi ya Uingereza ilipata kama 1.25. Mwaka 1975 aliyaita maumbo ya namna hiyo fraktali, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuvunjika.

Msomaji atauliza, na wanyama wadogo wa majini wameingiaje hapa? Mimi nami niliuliza hivyo, mjukuu wangu anayesomea elimu ya viumbe aliponionyesha picha ya njia aliyopita kiroboto wa maji. Mnyama huyu, asiyezidi milimita chache, huogelea kwa kurukaruka, akipiga maji kwa vipapasio vyake. Humpiga picha mfululizo, huunganisha nukta, kisha huipima njia kwa hatua ndefu, halafu fupi, halafu fupi zaidi. Ni bikari ileile ya kijana wangu.

Mwaka 1992 Coughlin, Strickler na Sanderson waliitumia hesabu hii kwa makinda ya samaki wa matumbawe yanapotafuta chakula. Wengine wamewatumia viroboto wa maji kama walinzi: sumu ikiingia majini, mwendo wao hubadilika kabla hawajafa, na namba hubadilika pamoja nao. Si jambo dogo kwetu, maana dagaa wa Ziwa Victoria hula wanyama wadogo wa jamii hizi, nasi twawala dagaa.

Lakini elimu haina neno la mwisho. Mwaka 1996 Peter Turchin alionya kuwa njia ya mnyama si lazima iwe fraktali ya kweli. Ukiitazama kwa karibu sana, huonekana imenyooka. Ukiitazama kwa mbali, huonekana imevurugika. Kwa hiyo namba moja haitoshi. Sharti useme pia ulipima kwa hatua gani.

Hilo ndilo nililoshindwa kumwuliza mwanafunzi wangu. Nilitazama jibu lake, sikutazama hatua yake. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, nimestaafu kwa heshima, na sifuri nyingine nilizoandika sizikumbuki. Ile ya Pemba naikumbuka. Kama yu hai na akausoma ukurasa huu, ajue kwamba jibu lake nimelisahihisha upya, na amepata.