Ulibertaria, au Mtu Kujimiliki

Tarehe 25 Juni 2024, vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia ndani ya Bunge la Kenya. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mtu aliyezoea siasa za Marekani angelitazama tukio hilo na kulibatiza papo hapo: ulibertaria umefika Nairobi. Vijana wanakataa kodi, wanaikemea serikali, wanamwita rais Zakayo, jina la mtoza ushuru wa kwenye Injili. Naamini angekuwa amekosea. Lakini kabla ya kumwonyesha kosa lake, tukubaliane neno lenyewe linasema nini na Kiswahili kiliiteje.

Ulibertaria ni itikadi inayoshikilia kwamba mtu mzima ni mwenye mwili wake, jasho lake na mali aliyoipata bila kumdhulumu mwenzake. Asiyemdhuru mtu asilazimishwe kwa nguvu kufanya lolote. Na kwa kuwa serikali ndiyo yenye bunduki na jela, ibanwe ibaki na kazi chache: ulinzi wa mipaka, polisi, mahakama. Wakali zaidi, kama Murray Rothbard, walitaka hata hizo zitoke mikononi mwake. Chama cha walibertaria wa Marekani, Libertarian Party, kilizaliwa Colorado mwaka 1971, miezi michache baada ya Rais Nixon kuzuia bei na mishahara isipande, huku vijana wa Marekani wakiendelea kuandikishwa kwa lazima kwenda Vietnam. Hakijawahi kutoa rais. Mwaka 2016 mgombea wake, Gary Johnson, aliambulia takriban asilimia 3 ya kura. Nguvu yake imekuwa katika hoja zaidi kuliko katika masanduku ya kura.

Mlibertaria wa Marekani hukaa na wahafidhina kwenye kodi na biashara, kisha akahamia upande wa pili ukija mjadala wa bangi, vita vya ng'ambo au serikali kusikiliza simu za raia. Kwa hiyo gazeti linalomwita "wa mrengo wa kulia" linampotosha msomaji. Kumwita mliberali nako ni kumpoteza zaidi. Huko kwao neno hilo, tangu enzi za Roosevelt katika miaka ya 1930, limemwangukia anayetaka serikali ifanye mengi: itoe pensheni, isimamie mabenki, ilinde wafanyakazi. Wenye msimamo wa zamani walinyang'anywa jina, ikabidi watafute jingine.

Kwa Kiswahili mkono hukimbilia "uhuru". Hili ndilo neno ninaloliogopa zaidi, kwa sababu tumelipenda mno. Asili yake ni Kiarabu, na Pwani huru alikuwa mtu asiye mtumwa, mtu mmoja mwenye jina lake. Utumwa ulipoondolewa nguvu ya kisheria, Unguja mwaka 1897 na Pwani ya Kenya mwaka 1907, swali lilikuwa fulani yuko chini ya nani. Halafu siasa ikalipandisha neno jukwaani. Tarehe 12 Desemba 1963 uhuru ukawa wa taifa, una bendera na wimbo. Leo ukisema uhuru katika Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, unaweza kumaanisha mtaa wa Uhuru jirani na Buruburu, sikukuu, au rais mstaafu mwenye jina hilo. Taifa limepata uhuru na mama mboga bado anakimbizwa na kanjo, askari wa jiji, kila asubuhi. Neno letu haliuoni mgongano hapo, na mgongano huo ndio hasa anaouzungumzia mlibertaria.

Wengine wamejaribu "uhuru binafsi". Shida ni kwamba "ubinafsi" kwetu ni uchoyo. Anayejenga istilahi juu ya shina hilo ameshampa mshtakiwa hukumu kabla hajajitetea. Na ubinafsishaji wa miaka ya 1990, uliofukuza watu kazini katika mashirika ya umma, haukuliongezea shina hilo heshima. "Huria" nayo ni ya vitu na taasisi: soko huria, biashara huria, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Inaeleza jambo lililoachwa wazi. Haimfiki mtu.

Pendekezo langu ni kwamba jina la itikadi libaki la mkopo, ulibertaria, lisichanganywe na uliberali. Maelezo yake yasimame juu ya kitenzi kimoja: kujimiliki. Sarufi yetu ina silabi moja, -ji-, inayomrudishia mtu tendo lake mwenyewe. Tunayo kujitawala, tunayo kujitegemea, na katika mitaa ya Eastlands tunayo kauli inayotamkwa kila siku: "Niache, najitafutia." Kijana anayechoma mahindi Kayole bila leseni hajamsoma mwanauchumi Hayek, lakini kijisilabi hicho anakijua vizuri. Kujimiliki pia kunakumbuka utumwa, kwani kinyume chake ni kumilikiwa, na hapo ndipo itikadi yenyewe ilipoanza hoja yake.

Tuipime sasa. Robert Nozick, mwanafalsafa wa Harvard, aliandika katika kitabu chake cha 1974 kwamba kutoza kodi kwenye kipato cha kazi ni sawa na kumfanyisha mtu kazi ya kulazimishwa. Wamarekani wengi waliiona hoja hiyo kama fumbo la darasani. Nairobi ilikuwa sera. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901 na kodi ya kichwa ikafuata, na moja ya shabaha zake ilikuwa kumtoa Mwafrika shambani kwake akatafute mshahara kwa mzungu. Baada ya Vita vya Kwanza kikaja kipande, kilichovaliwa shingoni ndani ya kijikasha cha chuma, mwajiri akiandika humo lini umekuja na lini amekuachia. Machi 1922 umati ulipigwa risasi Nairobi ukidai Harry Thuku aachiliwe, naye alikuwa amekamatwa kwa kuyapinga mambo hayohayo. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, mitaa ya Eastlands ilizingirwa na wanaume kwa maelfu wakachujwa na kupelekwa kambini. Mjukuu wa watu hao akisikia kwamba kodi ni kazi ya lazima, hasikii sitiari.

Hata hivyo mjukuu huyohuyo ndiye anayesema "serikali saidia" bomba la maji taka likipasuka. Na mwaka 2024 hakusema kodi ni haramu. Aliuliza hospitali iko wapi, mkopo wa masomo uko wapi, na kwa nini mkate uongezwe ushuru wakati viongozi wanaishi kifahari. Hayo ni madai ya mtu anayetaka serikali iwepo na iwajibike. James Shikwati, aliyeanzisha taasisi ya IREN mwaka 2001 na akawaomba wafadhili mwaka 2005 waache kuipa Afrika misaada, yuko karibu zaidi na ulibertaria kuliko umati wa Juni 25.

Mfano wetu wa karibu zaidi ni matatu. Kampuni ya Kenya Bus Service ilikuwa na kibali cha pekee cha kubeba abiria jijini. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila leseni maalumu, na ghafla mitaa ambayo basi halikuihudumia vya kutosha ikapata usafiri, rangi na muziki. Hilo ni ushindi wa mlibertaria, na naliheshimu: mafundi, makanga na wachoraji wa Eastlands walijenga sekta nzima bila waziri kuichora. Lakini serikali ilipokaa mbali, nguvu hazikukosa mwenyewe. Mungiki na magenge mengine yaliingia kwenye vituo, yakatoza ada ya kila siku, na asiyelipa aliumizwa. Sheria za Waziri Michuki za mwaka 2004, mikanda na vidhibiti mwendo, zilipokewa vizuri na abiria wengi. Hapa kujimiliki kunadai mlinzi, na wafuasi makini wa itikadi hiyo hawalikatai hilo.

Kwenye nyumba jambo ni gumu zaidi. Mtaa wa Umoja ulijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa fedha za Marekani, nyumba ndogo za mikopo ili mfanyakazi awe na chake. Alipokuwa na chake, aliongeza vyumba, kisha ghorofa, mara nyingi bila idhini. Katika mtaa wa Huruma, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lisilokuwa na kibali liliporomoka usiku wa mvua na kuua takriban watu 50. Mwenye jengo alikuwa na mali yake. Wapangaji walikuwa na miili yao. Ulibertaria una jibu, fidia mahakamani, lakini fidia huja baada ya kifusi, na mpangaji wa Huruma hana wakili.

Na upo mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa kazi ya wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, ambako familia zimelipa kodi ya pango kwa baraza la jiji, na sasa kwa kaunti, vizazi kadhaa bila kumiliki tofali. Anayedhani ulibertaria ni kumwachia kila mtu alichonacho angeishia hapo: nyumba ni za kaunti, basi. Nozick hakuishia hapo. Baada ya kanuni ya kupata mali kwa haki na ya kuihamisha kwa haki, aliweka ya tatu, kurekebisha dhuluma iliyopita. Sheria ya mwaka 1915 iliigeuza ardhi ya Waafrika kuwa ya Mfalme wa Uingereza, na mtaa huu ukajengwa ili kuweka vibarua wa jiji ambalo hawakuruhusiwa kulimiliki. Mlibertaria anayefika Kaloleni na kanuni zote tatu mkononi atalazimika kuuliza hati ya kwanza ilitoka wapi, na kuwauliza wapangaji wanadai nini.