Furaha ya Moyoni, Shangwe ya Umati: Historia ya Msamiati wa Furaha Kuu Mwanza

Msamiati wa Kiswahili unaotaja furaha kuu una matabaka mawili. La kwanza ni la maneno yenye asili ya Kiarabu, kama furaha, raha na bashasha. Hutaja hali ya mtu binafsi. Hata bashasha, ijapoonekana usoni, ni ya uso mmoja. La pili ni la vigelegele, vifijo, nderemo na hoihoi, yanayotaja sauti na matendo ya mwili. Furaha huwamo moyoni; vigelegele hupigwa. Si ajabu kwamba vigelegele na vifijo hutumika zaidi katika wingi, kwa kuwa ni furaha ya watu wengi kwa pamoja.

Katika karne ya 19, Kiswahili kilifika kusini mwa Ziwa Viktoria pamoja na misafara iliyopitia Tabora. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, kisha Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikasanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, maneno ya pwani yalipata nguvu ya shule na gazeti. Hata hivyo, hayakukuta ombwe. Kisukuma kilikuwa na kitenzi kuyega, kufurahi, na nomino buyegi, ambayo kiambishi chake bu- kinalingana na u- ya Kiswahili katika utu na umoja.

Kuifasiri buyegi kuwa furaha ni sahihi, lakini hakutoshelezi. Katika ngoma za Bulabo huko Bujora, Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji, na mshindi hupimwa kwa ukubwa wa umati. Furaha ya namna hiyo haipimwi moyoni, bali uwanjani; neno linaloikaribia zaidi ni shangwe.

Suala hili lina uzito katika maeneo ya mjini kama Igogo, kata ya Wilaya ya Nyamagana, kwa kuwa jijini Mwanza Kiswahili hukutana na Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kihaya. Kamusi inayoyafafanua maneno yote hayo kwa “furaha kubwa” hupima kiwango na kuacha mahali, watu na tendo. Tofauti ya furaha na shangwe si ya kiwango pekee: moja yaweza kukaa kimya, nyingine haiwezi. Kidahizo kinapaswa kueleza nani hufurahi, pamoja na nani, na kwa sauti gani.