Malezi ya mtoto wazazi wanapotengana (Mbeya na Iringa)

Malezi hapa ni suala la mahakama kuamua nani aishi na mtoto wazazi wanapotengana. Kwa mila za Wanyakyusa wa Mbeya na Wahehe wa Iringa, mtoto ni wa ukoo wa baba. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 humtaka hakimu azitazame mila hizo, lakini ustawi wa mtoto ndio hutangulia. Aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa ni heri akae na mama, ingawa baba anaweza kuthibitisha vinginevyo. Mtoto anayeweza kujieleza husikilizwa, na ni vema asikilizwe mbali na macho ya wazazi. Baba asiyekaa na mwanawe bado anawajibika kumtunza. Rufaa hufika Mahakama Kuu, yenye kanda Mbeya na Iringa.