Mdudu, Kuvu na Mti: Historia ya Ugonjwa wa Elmi na Funzo Lake kwa Istilahi za Misitu

Katika Kiswahili, neno *mdudu* hubeba viumbe vilivyo mbali kimaumbile. Siafu ni mdudu. Kidole kikitunga usaha, husemwa kina mdudu. Na vimelea vya maradhi huitwa vidudu. Makala hii inadai kuwa upana huo wa maana, usio na madhara katika mazungumzo ya kawaida, unaweza kuipotosha sera ya misitu. Historia ya ugonjwa wa miti ya elmi barani Ulaya ni ushahidi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, miti ya elmi ilianza kunyauka Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Wapo waliolaumu ukame. Wengine walilaumu gesi za sumu zilizotumika vitani. Mwaka 1922 Bea Schwarz, mwanafunzi wa Profesa Johanna Westerdijk, alichapisha tasnifu iliyobainisha kuwa kisababishi ni kuvu. Shaka ziliendelea hadi Christine Buisman alipoyathibitisha matokeo hayo mwaka 1927.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa kuvu hiyo hubebwa na mbawakawa wa magome. Mbawakawa huzaliana chini ya gome la mti uliodhoofika au uliokufa. Wachanga wao hutoka wakiwa na spora mwilini, kisha huenda kula magome ya vijitawi vya mti wenye afya. Kuvu huingia katika mishipa ya maji. Mti huiziba mishipa hiyo ili kujikinga, na hivyo hujinyima maji. Ushirika huo ndio unaoangamiza: bila kuvu, mbawakawa hujeruhi tu, bila mbawakawa, kuvu haifiki mbali.

Majina nayo yalitenda kazi yake. Ugonjwa uliitwa wa Kiholanzi kwa sababu ulitafitiwa Uholanzi, lakini wengi walidhani kuwa ndiko ulikotoka. Wakati huohuo magogo yalivuka bahari. Mwaka 1930 ugonjwa uligunduliwa Ohio, Marekani, baada ya kuingia na magogo yaliyotoka Ulaya. Miaka ya 1960, magogo kutoka Amerika ya Kaskazini yaliingiza Uingereza kuvu kali zaidi, na zaidi ya miti milioni 25 ikafa. Jina la ugonjwa lilibaki lilelile, ingawa kuvu ilikuwa nyingine. Ilitambuliwa rasmi kama spishi ya pekee, *Ophiostoma novo-ulmi*, mwaka 1991.

Funzo kwa Afrika Mashariki, inayopanda na kusafirisha mbao, ni la lugha na la sera kwa pamoja. Mwongozo unaoagiza tu "kuua wadudu" humwelekeza bwana misitu kwenye dawa ya kunyunyizia, huku gogo lenye gome na kuvu likipita mpakani. Miongozo ya Kiswahili haina budi kutenganisha *mdudu*, *kuvu*, *bakteria* na *virusi*, na kumtaja waziwazi mdudu *mwenezaji*. Istilahi hizo zipo tayari. Kinachohitajika ni kuzitumia kwa uthabiti, nchi zote kwa namna moja.